Nenosiri ndani ya ofisi, ufunguo kutoka nje: kupanga SSH kwa mitandao miwili

Seva ya ofisi ndogo, ile inayokaa kwenye kabati karibu na ruta, huwa na wageni wa aina mbili. Wa kwanza wako ndani ya jengo: mhasibu, fundi, kijana wa mazoezi, wote kwenye mtandao mmoja. Wa pili wako nje: fundi huyohuyo akiwa nyumbani, na pamoja naye maroboti ya intaneti yanayojaribu majina kama root, admin na test usiku kucha. Ukiweka kanuni moja ya kuingia kwa wote, ama utawabana walio ndani bila sababu, ama utawalegezea walio nje. Kwa kawaida ofisi huangukia kwenye kulegeza, kwa kuwa walio ndani ndio wanaolalamika.

OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali (njia yenyewe huitwa SSH), ina dawa yake tangu zamani: agizo la Match, linaloiruhusu seva kubadilisha kanuni kulingana na anwani anayotoka mtu. Hapa tutapanga hivi: aliye kwenye mtandao wa ofisi aingie kwa nenosiri au kwa ufunguo (faili la siri linalokaa kwenye kompyuta yake), na aliye nje aingie kwa ufunguo peke yake. Mwishoni nitaeleza jinsi ya kumdai aliye nje msimbo wa simu pia. Mifano ni ya Debian na Ubuntu. Kwenye Rocky, AlmaLinux au Fedora mambo ni karibu yaleyale, ila huduma inaitwa sshd badala ya ssh.

Jambo moja liamue kabla hujagusa kibodi: kanuni kali iwe ndiyo msingi, na ulegevu uandikwe ndani ya Match. Wengi hufanya kinyume. Huacha nenosiri wazi kwa wote, kisha wanaandika Match ya kuwazuia walio nje. Mpangilio huo ukikosewa herufi moja, au ukisahau aina fulani ya anwani, aliye nje anapata kanuni legevu na hutajua. Ukianza na ukali, kosa lolote litakufungia wewe mwenyewe, na hilo utaligundua dakika ileile.

Kwanza, jua seva inaona anwani gani

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo miongozo mingi inaporuka. Match haijui mtu yuko wapi. Inajua tu anwani ya IP iliyofika kwenye seva, na kati ya mtu na seva kuna vifaa vinavyoweza kuibadilisha.

Ingia kwenye seva ukiwa ofisini, kisha andika:

```
echo $SSH_CONNECTION
```

Utapata vitu vinne kwenye mstari mmoja: anwani yako, poti yako, anwani ya seva na poti ya seva. Mfano:

```
192.168.10.25 50822 192.168.10.5 22
```

Sasa zima Wi-Fi ya ofisi, washa hotspoti ya simu, na uingie tena kwa kupitia njia ya nje, yaani anwani ya umma ya ofisi au jina lake. Rudia amri ileile. Anwani ya kwanza inapaswa kuwa ya umma, ile ya kampuni yako ya simu, kwa mfano 203.0.113.45. Ikiwa hivyo, endelea.

Ukiona 192.168.10.1, yaani anwani ya ruta yenyewe, simama hapo. Ruta yako inapopitisha miunganisho ya nje kwenda kwenye seva, inaweka anwani yake mahali pa anwani ya mgeni. Kwa seva, dunia nzima inaonekana kukaa ofisini. Ukiandika Match ya 192.168.10.0/24 (yaani anwani zote zinazoanza na 192.168.10) katika hali hiyo, utakuwa umeifungulia intaneti yote mlango wa nenosiri. Tafuta kwenye mipangilio ya ruta sehemu ya NAT na uzime ubadilishaji wa anwani kwa miunganisho inayoingia. Ikishindikana, usitumie mtandao mzima kwenye Match. Taja anwani za kompyuta zinazohusika moja moja, na ya ruta iachwe nje.

Ukiona 127.0.0.1, anwani ambayo seva hujiita yenyewe, maana yake unaingia kupitia handaki, yaani njia ambayo seva yenyewe huifungua kwenda nje. Hii ni kawaida sana kwetu, kwa sababu kampuni nyingi za intaneti haziwapi wateja anwani ya umma ya kwao peke yao. Wateja wengi hukaa nyuma ya anwani moja. Ndiyo maana mafundi hutumia ssh -R kwenda kwenye seva ya kukodi, au huduma za handaki kama ngrok na Cloudflare. Njia hizo zinafanya kazi vizuri, lakini kila anayepitia huko anafika kwenye seva akiwa na 127.0.0.1. Kwa hiyo usiiweke 127.0.0.1 wala ::1 (mwenzake wa IPv6) kwenye orodha ya walio ndani, hata kama inaonekana kuwa anwani ya nyumbani kuliko zote.

VPN, yaani mtandao wa faragha unaopita juu ya intaneti, nayo iangaliwe. WireGuard unaipangia mtandao wake mwenyewe, tuseme 10.8.0.0/24, na wewe ndiye unayeamua kama aliye humo ahesabiwe ndani au nje. Tailscale hutoa anwani kutoka 100.64.0.0/10. Kumbuka kwamba kundi hilo ndilo lililotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya kampuni za intaneti zinazogawa anwani moja kwa wateja wengi, hivyo ruta yako inaweza kuwa imepewa anwani ya humohumo na mtoa huduma wako. Sishauri kulihesabu kundi zima kuwa ni la ndani. Taja anwani za vifaa vyako tu.

IPv6, mfumo mpya wa anwani ndefu, pia isisahaulike. Ofisi ikiwa na IPv6, laptopi iliyo mezani mwako inaweza kuifikia seva kwa anwani ndefu ya umma inayoanza na 2, na Match ya 192.168.10.0/24 haitamgusa mwenye laptopi hiyo. Atadaiwa ufunguo akiwa mita mbili kutoka kwenye seva. Ama ongeza kiambishi cha IPv6 cha ofisi kwenye orodha, ama waambie watu watumie anwani ya IPv4.

Na Wi-Fi ya wageni? Kama nenosiri lake limebandikwa ukutani, basi mtandao huo ni wa nje, hata kama mawimbi yake yanatoka kwenye dari ya ofisi yako. Hakikisha una namba zake tofauti, na uziache nje ya Match. Ruta isipoweza kutenganisha wageni na wafanyakazi, punguza orodha ibaki na kompyuta chache zilizopewa anwani za kudumu.

Weka ufunguo wakati nenosiri bado linafanya kazi

Kwenye kompyuta ya mtumiaji:

```
ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id juma@192.168.10.5
```

Ufunguo uwekewe nenosiri lake anapoutengeneza, kwa sababu laptopi huibwa. Baada ya hapo ajaribu kuingia. Asipoulizwa nenosiri la seva, ufunguo umekubalika. Seva ikiendelea kuuliza, sababu ya kawaida ni ruhusa za mafaili: folda ya .ssh iwe 700, authorized_keys iwe 600, na folda ya nyumbani ya mtumiaji isiwe inaandikika na watu wengine.

Hapa ndipo mpangilio huu unapoonyesha faida yake kwa watu. Mfanyakazi mpya anakuja ofisini siku ya kwanza, anaingia kwa nenosiri, anaweka ufunguo wake, na jioni anaweza kufanya kazi akiwa nyumbani. Hakuna haja ya kutumiana funguo kwa WhatsApp.

Andika kanuni

Fungua vikao viwili kwenye seva kabla ya kuanza. Kimoja ni cha kufanyia kazi, cha pili kiache tu wazi. Miunganisho iliyokwisha kuingia haikatwi huduma inaposomeshwa upya mipangilio yake, hivyo ukijifungia nje, kikao cha akiba kitakuokoa.

Tangu OpenSSH 8.2 ya mwaka 2020, faili kuu linaweza kuita mafaili mengine, na Debian na Ubuntu za sasa huyaita yaliyomo kwenye /etc/ssh/sshd_config.d/ mwanzoni kabisa. Tengeneza faili lako humo:

```
sudo nano /etc/ssh/sshd_config.d/10-kuingia.conf
```

Liandike hivi:

```
# Msingi: kwa kila mtu, kutoka popote
PubkeyAuthentication yes
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
PermitRootLogin no

# Mtandao wa ofisi
Match Address 192.168.10.0/24
    PasswordAuthentication yes
```

Namba 10 kwenye jina ina kazi. Katika sehemu ya msingi, thamani inayosomwa kwanza ndiyo inayoshika, na mafaili husomwa kwa mpangilio wa majina. Seva nyingi za kukodi, na baadhi ya Ubuntu zilizosakinishwa ofisini, zina faili linaloitwa 50-cloud-init.conf lenye mstari mmoja tu, PasswordAuthentication yes. Faili lako likiitwa 90-kuingia.conf, hilo la 50 litakutangulia na ukali wako wote utabaki maandishi. Angalia mapema:

```
sudo grep -ri passwordauth /etc/ssh/
```

Mstari wa KbdInteractiveAuthentication usiufute ukidhani ni wa ziada. Kuna njia mbili za kumdai mtu nenosiri kwenye SSH: PasswordAuthentication, na hii ya maswali na majibu inayopitia PAM, mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji. Ukifunga ya kwanza na kuiacha ya pili wazi, huku UsePAM ikiwa yes, nenosiri bado litakubaliwa kutoka nje na kila ukisoma faili utaona neno no likikutuliza. Matoleo ya kabla ya 8.7 yaliita agizo hili ChallengeResponseAuthentication. Ukikuta jina hilo kwenye faili la zamani, ni kitu kilekile.

Kuhusu Match yenyewe, kuna mambo machache ya kushika. Haina mwisho wa wazi: kila mstari unaoifuata ni wake mpaka ikutane na Match nyingine au faili liishe. Nafasi tupu mwanzoni mwa mstari ni kwa ajili ya macho yako tu. Kwa hiyo kanuni za wote ziandikwe juu, Match zije chini. Anwani ya mtandao iandikwe sawasawa: 192.168.10.0/24 ni sahihi, 192.168.10.5/24 ni kosa. Mitandao kadhaa hutenganishwa kwa mkato bila nafasi:

```
Match Address 192.168.10.0/24,10.8.0.0/24
```

Unaweza pia kubana zaidi kwa kuongeza kundi la watumiaji. Mstari huu unatoa nenosiri kwa walio ofisini na ambao wamo kwenye kundi la wafanyakazi. Masharti yote mawili lazima yatimie:

```
Match Address 192.168.10.0/24 Group wafanyakazi
```

Match mbili zikimhusu mtu mmoja na zote zikataja agizo moja, iliyo juu ndiyo inayoshinda. Yale yenye masharti mengi yatangulie. Na si kila agizo linakubalika humo: Port, ListenAddress na UsePAM haziruhusiwi ndani ya Match.

Usishawishike kuandika 192.168.0.0/16 "ili kuwa salama". Makundi matatu ya anwani za ndani, 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16, hutumiwa na kila mtu duniani, na kontena za Docker kwenye seva yako hukaa kwenye 172.17. Taja mtandao wako, basi.

Jaribu kabla ya kuwasha

Kwanza kagua maandishi:

```
sudo sshd -t
```

Ikinyamaza, hakuna kosa la uandishi. Ikilalamika kukosa folda ya /run/sshd, itengeneze kwa sudo mkdir -p /run/sshd kisha urudie.

Kisha tumia kipimo ambacho nakipenda kuliko vyote kwenye OpenSSH. Unaweza kuiuliza seva itamtendea vipi mtu fulani akitoka anwani fulani, bila mtu huyo kuwapo:

```
sudo sshd -T -C user=juma,host=x,addr=192.168.10.25 | grep -E 'passwordauth|kbdinter'
sudo sshd -T -C user=juma,host=x,addr=203.0.113.45 | grep -E 'passwordauth|kbdinter'
```

Ya kwanza ijibu passwordauthentication yes, ya pili passwordauthentication no, na kbdinteractiveauthentication iwe no kote. Endelea kuuliza: anwani ya ruta, 127.0.0.1, anwani ya Wi-Fi ya wageni, anwani ya IPv6 ya laptopi yako. Kila moja ikupe jibu ulilokusudia. Dakika tano za maswali haya zina thamani kuliko kusoma faili mara kumi.

Majibu yakiwa sawa:

```
sudo systemctl reload ssh
```

Sasa nenda nje kweli. Hotspoti ya simu inatosha. Lazimisha kompyuta yako isitumie ufunguo:

```
ssh -o PubkeyAuthentication=no juma@anwani-ya-umma
```

Unachotaka kuona ni hiki, bila kuulizwa nenosiri hata mara moja:

```
Permission denied (publickey).
```

Neno lililo ndani ya mabano ndilo ushahidi: seva inataja njia zote inazokubali kwa anwani hiyo. Ukiona publickey,password, kuna kitu kimevuja. Rudi kwenye sshd -T. Kisha ingia kwa ufunguo kama kawaida kuhakikisha mlango haujafungwa kwa wote. Mtu mwenye funguo nyingi kwenye kompyuta yake anaweza kukataliwa kwa ujumbe wa Too many authentication failures, maana kila ufunguo unaojaribiwa huhesabiwa na kikomo cha kawaida ni majaribio 6. Atumie -o IdentitiesOnly=yes pamoja na -i na jina la ufunguo wake.

Waliopita unawaona hapa:

```
sudo journalctl -u ssh | grep Accepted
```

Kila mstari unataja njia, jina na anwani. Accepted password ikifuatwa na anwani isiyo ya ofisi haipaswi kuonekana tena kuanzia leo.

Ukitaka msimbo wa simu kwa walio nje

Ufunguo peke yake unatosha kwa ofisi nyingi. Kwa seva yenye mishahara au taarifa za wagonjwa, ningeongeza msimbo wa tarakimu sita unaobadilika kila sekunde 30. Sakinisha:

```
sudo apt install libpam-google-authenticator
```

Kila mtumiaji aendeshe amri ya google-authenticator akiwa kwenye akaunti yake mwenyewe, bila sudo. Itachora mchoro wa QR wa kupiga kwa programu ya simu, na itampa misimbo mitano ya dharura ya kuandika kwenye karatasi.

Sasa kuna mtego. Nenosiri la aliye ofisini nalo hupitia PAM, kwenye faili lilelile la /etc/pam.d/sshd. Ukiweka msimbo humo bila masharti, unamdai hata aliye ndani, na kuingia kwake kwa nenosiri kutavurugika. Kwa hiyo PAM nayo ifundishwe kutofautisha. Juu ya mstari wa @include common-auth weka hii miwili:

```
auth [success=1 default=ignore] pam_access.so accessfile=/etc/security/access-ofisi.conf
auth required pam_google_authenticator.so
```

Na kwenye /etc/security/access-ofisi.conf:

```
+ : ALL : 192.168.10.0/24
- : ALL : ALL
```

success=1 ina maana "ukifaulu, ruka mstari mmoja". Aliye ofisini anaruka msimbo na kwenda moja kwa moja kwenye nenosiri. Aliye nje anaulizwa msimbo kwanza. Kisha badilisha 10-kuingia.conf liwe hivi:

```
PubkeyAuthentication yes
PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication yes
PermitRootLogin no
AuthenticationMethods publickey,keyboard-interactive

Match Address 192.168.10.0/24
    PasswordAuthentication yes
    AuthenticationMethods publickey password
```

Tazama mkato na nafasi kwa makini. Mkato unadai vyote viwili kwa mfuatano. Nafasi inatoa uchaguzi wa kimoja au kingine. Safari hii KbdInteractiveAuthentication imekuwa yes kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayobeba swali la msimbo, lakini haiwezi kumwingiza mtu wa nje peke yake: ufunguo lazima utangulie. Kwa mpangilio huu aliye nje atatoa ufunguo, msimbo na nenosiri lake.

Rudia sshd -t, rudia maswali ya sshd -T ukiongeza authenticationmethods kwenye grep, kisha reload, kisha hotspoti. Msimbo ukikataliwa ingawa umeandikwa sawa, angalia saa ya seva kwa timedatectl. Mstari wa System clock synchronized lazima useme yes. Seva iliyozimika kwa umeme na kuwaka bila intaneti inaweza kuwa nyuma kwa dakika kadhaa, na hilo linatosha kuikosanisha na simu.

Ofisi ikibadilisha ruta na namba za ndani zikahama, tuseme kutoka 192.168.10 kwenda 192.168.100, kila aliye ndani atahesabiwa wa nje na nenosiri litakataa kwa wote. Ingia kwa ufunguo, na msimbo kama uliuweka, kisha badilisha anwani kwenye 10-kuingia.conf na kwenye access-ofisi.conf pia. Ya pili ndiyo watu huisahau.